Mke wa Mabaki Anaoga Bila Mlango

Mume wangu watu wanamwita Mabaki, na anaitika. Mimi jina hilo silipendi hata kidogo, lakini nikimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake hageuki, anadhani anaitwa mtu mwingine. Ni fundi rangi. Ukimwona barabarani utamjua tu: mrefu, mkavu, kope zina madoa meupe yasiyotoka hata kwa mafuta ya taa, na futi ya kupimia inaning'inia kiunoni hata siku aliyovaa suti.

Rangi ndiyo inayotulisha. Lakini kazi yake hasa, ile iliyo moyoni, ni kugawa mabaki ya watu. Hakuna anayekarabati nyumba akamaliza bila kubakiza. Atabakiza nusu ndoo ya rangi, boksi la vigae, bawaba, bomba, dirisha zima ambalo ameliona limepitwa na wakati. Wenyewe huvirundika nyuma ya nyumba mpaka mvua ivimalize. Mume wangu akimaliza kupaka rangi anaviomba, anavipakia kwenye mkokoteni, anaenda kuwapa wasio navyo.

Sasa njoo uone mtaa wetu, jamani. Kuna mzee anafuga kuku kwenye banda lililopigwa vigae vya maua ya bluu. Kuku wanateleza kutwa nzima, lakini wanateleza kwa heshima. Kuna jirani amefungiwa taa ya vioo, ile ya kuning'inia katika kumbi za hoteli, ndani ya chumba ambacho dari lake unaligusa kwa kiganja. Wageni wake wanaingia kwa magoti. Na shoga yangu Cherehani, fundi nguo wa pale kona, aliletewa ngazi ya chuma ya kuzunguka, ile ya kupandia ghorofani. Cherehani hana ghorofa. Mume wangu akaisimamisha uani, akaikaza kwa saruji, akasema, "Siku ukijenga juu, ngazi tayari unayo." Basi kila jioni Cherehani anapanda mpaka juu kabisa, anakaa kwenye kidato cha mwisho, anakula karanga na kuangalia mapaa ya wenzake. Anasema hajawahi kupata zawadi kama ile.

Mimi nacheka, lakini moyoni nilikuwa na donge langu. Katika nyumba ya mtu aliyegawa milango mtaa mzima, bafu letu halikuwa na mlango. Lilikuwa na pazia. Tangu naolewa, pazia.

Na kwa sababu ya pazia hilo, kwetu mtu akioga anaimba. Ukisikia wimbo, bafu lina mtu. Usiposikia kitu, ingia. Watoto wetu walijua kuimba kabla ya kujua kuoga. Mgeni akifika anapewa maji ya kunywa, anaonyeshwa pa kukaa, na anaambiwa pale pale, "Bafu lile kule, ukiingia uimbe." Wageni wengine walikuwa wanaaga mapema bila kusema kwa nini. Mimi mwenyewe sauti nilikuwa nayo, si haba. Nikiwa bafuni, hata muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alikuwa anajua.

Halafu nikaota uvimbe shingoni, nikapasuliwa. Namshukuru Mungu nilipona, ila sauti haikurudi. Ikabaki hii ya kukwaruza, inayofika mwisho wa kitanda na kurudi. Kuongea naongea, kugomba nagomba, lakini kuimba, thubutu! Nikifungua kinywa unatoka upepo mtupu.

"Sasa nitaogaje?" nikamuuliza mume wangu.

"Kwani mimi sipo?" akasema. "Nitakuimbia."

Na kweli. Kila nikioga anakuja kusimama nje ya pazia, mikono nyuma kama askari, ananiimbia. Shida ni kwamba mume wangu hajui wimbo hata mmoja. Anajua majina ya rangi. Basi anaimba hayo: "Krimu, maziwa, udongo, anga, kijivu hafifu, kijani cha ndimu." Beti la kwanza ni rangi za maji. Beti la pili ni rangi za mafuta. Sauti yake inapanda mahali pasipo na ngazi, inashuka bila kuaga. Nilikuwa najipaka sabuni mbavu zinaniuma kwa kicheko, na kicheko chenyewe hakitoki.

Basi tungeendelea hivyo hivyo. Lakini siku moja, mwanangu wa kike alikuja na mume wake na mtoto wao, mjukuu wangu wa pekee, ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Mkwe wangu ni mwalimu wa hesabu, kijana mpole, akiongea anaangalia viatu vyake. Mimi nimo bafuni. Mume wangu yuko nje ya pazia, amefika kwenye kijani cha ndimu, mara akakumbuka kuna mtu alimwambia aje kuchukua masinki kabla gari la taka halijapita. Akaondoka. Hakusema kitu, aliondoka tu, na wimbo ukaenda naye barabarani.

Mkwe akaja. Simlaumu. Alifanya kila alichofundishwa katika nyumba hii: alisimama, akasikiliza, akakohoa, akasikiliza tena. Mimi nikamwambia "Nipo," lakini "nipo" yangu ikaishia kwenye povu. Akavuta pazia.

Tukaangaliana.

"Shikamoo, mama," akasema mkwe wangu.

"Marahaba, baba," nikasema.

Jamani, ningefanya nini? Nilikuwa na kopo la maji juu ya kichwa. Yeye akageuka, akatoka mbio, akaacha kiatu kimoja mlangoni kwetu, na siku ile sikumwona tena. Jioni mwanangu akanipigia simu analia na kucheka kwa pamoja. "Mama, mume wangu hali chakula. Anasema hatakanyaga hapo tena mpaka bafu liwe na mlango. Tena anasema ataujuaje upo, anataka kusikia kwanza kitasa kikilia kwenye simu."

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mama, mtoto namletaje mwenyewe, na wewe unajua kwetu ni mabasi mawili na kazi ninayo?"

Hapo ndipo nilipoumia. Aibu inapita, mtu unaizoea. Lakini mjukuu wangu alikuwa anajifunza kusimama, na angesimama mbali na mimi, kwa ajili ya pazia. Nililia siku hiyo, na kulia kwangu nako hakuna sauti.

Utaniuliza, kwa nini usimwombe mumeo mlango? Nilimwomba! Na hapo ndipo nilipojiharibia. Maana mume wangu ana sheria zake. Zamani alimpa vigae mtu aliyemlilia machozi ya damu, kesho yake akavikuta dukani vinauzwa. Tangu siku hiyo anasema, "Anayejua kuomba atapata kwingine. Mimi namtafuta asiyeomba." Haruhusu mtu amwombe. Anapita nyumba hadi nyumba, "Hodi, napita tu," anasalimia dari kabla ya kusalimia watu, anaangalia mwenyewe kipi kinakosekana, anapima, anaondoka, na siku nyingine anarudi nacho. Ukimwomba, umejiondoa. Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe anaomba kwa matajiri mchana kutwa. Akasema ile si kuomba, ni kuwapunguzia watu mzigo.

"Mke wangu," akaniambia, kwa upole kabisa, ndiyo maana damu ilinichemka, "ningekupa. Lakini wewe umeshaomba. Nikikupa wewe, wale niliowanyima watasemaje? Watasema Mabaki anapendelea kwake."

"Pendelea basi kwako! Mtu apendelee kwa nani?"

"Hapana. Na isitoshe sisi tunajiweza. Mimi si naimba?"

Nikanunua mlango wangu mwenyewe. Naam, kwa akiba yangu ya maandazi. Nikauleta, nikauegemeza ukutani, nikaenda kumwita seremala. Niliporudi na seremala, ukuta mtupu. Mume wangu alikuwa ameupeleka kwa mzee wa kuku, banda lake lilikuwa wazi upande mmoja. Katika nyumba yetu kitu kikiegemea ukuta ni mabaki, kila mtu anajua hivyo, hata mimi nilijua, ni hasira tu zilinisahaulisha. Nimeshapoteza meza ya kupigia pasi namna hiyo hiyo. Seremala akanitazama, akatazama ukuta, akasema pole mama, akaenda zake. Kuku wana mlango mimi sina.

Nikaenda kwa Cherehani kumwaga nyongo. Nilimkuta juu ya ngazi yake, na kwa kuwa sauti yangu haifiki juu, ikabidi nipande nikae kidato cha chini yake, tukaongea tukiwa tumezungukana kama nyuzi za kamba.

"Shoga, umekosea toka mwanzo," akaniambia. "Umeomba. Sasa mumeo hakuoni tena. Na kwenye nyumba yake haangalii, anaangalia nyumba za watu. Unachotakiwa ni kuwa mtu wa nyumba nyingine."

"Nikaolewe na nani, na shingo hii?"

"Nani kasema uolewe? Nina chumba hapo nyuma. Kina bafu lake, na bafu lenyewe halina mlango, naziba kwa magauni ya wateja. Hamia. Uwe mpangaji. Kaa ukihitaji, ufunge mdomo. Atapita, lazima atapita."

Ukisikia mtu kuishiwa, ndiko huko. Jioni ile ile nikafunga kanga zangu kwenye mfuko, nikachukua ndoo na kopo langu, nikamwambia mume wangu nahama.

"Unahamia wapi?"

"Kwa Cherehani."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nionekane."

Alikuna kichwa, rangi kavu ikadondoka. Akanibebea ndoo mpaka kona, akaniambia nikipungukiwa na kitu nisiombe. Nilitamani kumpiga kwa kopo.

Mtaani ikawa gumzo. Mke wa Mabaki amemwacha mumewe. Mke wa Mabaki amekimbia kwa sababu ya mlango, hapana, kwa sababu ya ngazi. Mzee wa kuku alikuja kunipa pole, akaniletea mayai, akanihakikishia mlango wangu unawapenda kuku sana. Niliyapokea mayai kwa shingo upande. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya chumba changu, bafu langu wazi nyuma yangu, nikihitaji. Hakuna kazi ngumu kama kukaa unahitaji bila kusema. Kila aliyepita aliniuliza, "Unamsubiri nani?" na mimi nasema, "Nipo tu." Cherehani alikuwa ananipitia na kuninong'oneza, "Usikae hivyo, unaonekana umeshiba. Shika tama kidogo." Nikashika tama.

Na siku moja nikasikia, "Hodi! Napita tu."

Moyo ukanipiga paa. Alikuwa yeye. Shati amelivaa ndani nje. Akatazama dari la baraza kwanza, akaridhika nalo, ndipo akanitazama mimi.

"Habari za hapa, mama?"

Mama! Mimi! Nikajikaza kisabuni. "Nzuri, baba. Karibu."

"Nakaribia. Wewe ni mgeni hapa?"

"Nimehamia juzi juzi."

"Unakaa na nani?"

"Peke yangu. Mume ninaye, ila ana shughuli nyingi. Anagawa vitu."

"Kazi nzuri hiyo," akasema mume wangu.

Cherehani alikuwa amekaa kwenye mashine yake, anakanyaga pedali kwa nguvu, na kwenye sindano hakuna kitambaa. Mume wangu akapiga hatua, akachungulia nyuma yangu. Akalitazama lile bafu, fremu ipo, bawaba hakuna, gauni la mteja linaning'inia kwenye msumari. Akatazama muda mrefu.

"Bafu lako halina mlango, mama."

Nikauma ulimi. Neno moja tu la kuomba, na kila kitu kimekwisha. "Ndiyo hivyo," nikasema.

"Unaogaje?"

Hapo sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejiandaa kushika tama, si kujibu. Ikanitoka kweli tupu. "Naoga kwa wasiwasi, baba. Zamani nilikuwa naimba, watu wanajua nipo. Sasa sauti imekwisha. Yupo mtu huwa ananiimbia, lakini anakumbuka mambo yake katikati ya wimbo, anaondoka, na mimi nabaki na sabuni machoni simwiti mtu akasikia. Siku moja mkwe wangu alivuta pazia nimo ndani. Sasa haji tena, na mjukuu wangu simwoni. Anajifunza kusimama, na mimi simwoni."

Pedali ya Cherehani ikasimama.

Mume wangu alikuwa ameshika futi yake, ameivuta kidogo, haipimi kitu. Uso wake ule mkavu nauelewa vizuri kuliko uso wangu, na sikuwahi kuuona namna ile. "Mama," akasema pole pole, "hali yako ni ngumu sana. Mbona hukusema?"

"Ningesema ingekuwa nimeomba."

Akapima fremu, juu, chini, kulia, kushoto. Akapima tena. Nikaona anapima mara nyingine tena, na yeye ni mtu wa kunyoosha mstari wa rangi kwenye dari bila kamba. Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake akarudi na mkokoteni. Lo! Mlango huo! Mbao ngumu ya kahawia, mzito, una kitasa cha shaba na kikomeo ndani. Mwenye nyumba mmoja aliuchoka kwa sababu haukuoana na makochi yake. Mume wangu aliufunga siku nzima, akaupiga randa, akaupaka vanishi, akatia mafuta bawaba mpaka zikanyamaza. Alipomaliza akasema, "Haya, mama, uoge salama," akachukua vifaa vyake akaenda. Nikaingia. Nikafunga kikomeo. Nilikaa mle ndani hata maji sikumwaga, nimekaa tu juu ya ndoo, nikiusikiliza ule ukimya wangu.

Nikampigia mwanangu. Nikakizungusha kitasa karibu na simu, kikalia vizuri kabisa. Nikasikia mkwe anasema kwa mbali, "Huo ni mlango kweli." Halafu mwanangu akauliza, "Mama, huo mlango umefungwa nyumbani?"

"Umefungwa kwa Cherehani."

"Sasa mama, tuje kumsalimia nani, wapi?"

Nikajishika kichwa. Akili yote ile nilitumia, na hilo sikulifikiria. Nilipomwambia mume wangu tuufungue twende nao nyumbani, akaniangalia kama nimemtukana. Sheria nyingine hiyo: alichokifunga hakifungui. Kama angekuwa anafungua, taa ingeshahama mara ngapi, vigae vingeshahama mara ngapi, watu wangemsumbua mpaka kaburini. Kwa hiyo mlango ulikuwa kwa Cherehani, mume alikuwa nyumbani, na mimi nilikuwa katikati na ndoo. Nikaapa sirudi kwenye pazia. Ng'o!

Basi akawa anakuja kila asubuhi kukagua bawaba. Anafungua mlango, anafunga, anasikiliza. Anasema, "Bawaba nzima." Haondoki. Anatazama dari. Shati limepoteza vifungo, siku nyingine amevaa soksi za rangi mbili, na kwa fundi rangi hilo ni jambo la kutisha. Nikamuuliza anakula nini, akasema anakula. Nikamuuliza nyumbani kukoje, akasema kupo. Siku moja akasema tu, akiwa ameangalia bawaba, "Bafu la kule limekauka."

Cherehani akanivuta pembeni. "Shoga, wewe huoni?"

"Sioni nini?"

"Huyo mtu anahitaji. Na hawezi kuomba, si amejikataza mwenyewe?"

Niligeuka nikamtazama. Amesimama mbele ya mlango uliofungwa, mikono nyuma, kama askari, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyesahau beti. Yarabi, miaka yote hii nimekuwa nikilalamika kwamba mume wangu hanioni, na yeye amesimama pale kila asubuhi anasubiri nimwone. Hasira zangu zote zikaniporomoka. Nilimhurumia, na nilimkumbuka, ingawa alikuwa hatua mbili kutoka nilipo.

"Baba," nikamwita. "Huu mlango ulimpa nani? Nyumba au mimi?"

Akafikiri. Nilijua atafikiri, kwenye sheria zake hana mchezo. "Wewe," akasema.

"Nyumba hukuipa?"

"Nyumba haikuwa na shida. Wewe ndiye niliyekuona."

"Basi mimi nahama, na changu nahama nacho."

Alizifungua zile bawaba haraka kuliko alivyozifunga. Skrubu moja imepotea mpaka leo. Tulipita mtaani mchana kweupe, yeye mbele amebeba mlango kichwani, mimi nyuma na ndoo na kopo na kitasa mkononi, na Cherehani yuko juu ya ngazi yake anatupigia vigelegele. Watu walitoka kuangalia. Mzee wa kuku akauliza kama ule mlango una mwenyewe. Nikamkata jicho, akanywea.

Cherehani hatukumwacha hivi hivi. Kabla hajashuka kwenye ngazi, mume wangu alishakwenda na kurudi na pazia letu. Aliona mwenyewe kwamba bafu lake liko wazi. Cherehani akalitazama, akasema pazia refu hivi hajawahi kupewa, akaliunga kola na mikono, na sasa kuna mwanamke fulani analivaa siku za sherehe.

Kule nyumbani mlango ulikuwa mwembamba kuliko nafasi. Mume wangu akajaza pembeni kwa vigae vya maua ya bluu vilivyobaki kwenye banda la kuku. Nilinuna kwa dakika moja, kisha nikaacha.

Jumapili mkwe akaja. Alisimama nje mpaka nikakiliza kitasa, ndipo akaingia, akaangalia viatu vyake, ambavyo safari hii vilikuwa viwili na kile kimoja nilichomtunzia kikawa cha tatu. Mjukuu wangu nilimbeba mpaka mikono ikafa ganzi. Alipolala nikaenda kuoga, na watu wote wakiwa sebuleni, jambo ambalo sikulithubutu tangu siku ile. Nikafunga kikomeo. Nikajimwagia maji. Kimya, raha.

Mara nikasikia hatua. Zikasimama nje ya mlango. Halafu, kwa sauti ile ile inayopanda pasipo na ngazi: "Krimu, maziwa, udongo, anga, kijivu hafifu, kijani cha ndimu..."

Akakatisha. Nikamsikia anapumua.

"Nimesahau," akasema mume wangu. "Mlango upo."

Hakuondoka. Nilimwona kwenye upenyo wa chini, vidole vyake vya miguu vyenye madoa meupe, vimesimama pale havijui viende wapi. Hakuniomba kitu. Nikasogea, nikaweka mdomo karibu na tundu la kitasa, maana sauti yangu haifiki mbali.

"Na za mafuta je?" nikamwambia. "Mbona umeishia za maji?"

Akakohoa kidogo, akaanza beti la pili.